Mtwana wa Alhamisi na Mwinyi wa Darajani

Handsworth, Birmingham
Machi 2005

Kwa Kaka Abdalla,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Hiyo shikamoo naiandika kwa kuwa umenitangulia kuzaliwa kwa miaka minane na mama alitulea hivyo, usije ukaichukua kuwa ni ya jambo jingine. Natumai mgongo umepungua kukuuma, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana kwa baridi ya huku, ambayo mwaka huu imekataa kuondoka. Ungeniuliza hali yangu ningekueleza zaidi, lakini katika kurasa zako nne hukuniuliza.

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara tatu nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Nakurudishia maneno yako mwenyewe usije ukasema nimekusingizia. Umesema Idi bin Juma bin Feruzi ameleta posa ya pili kwa mdogo wetu Zuwena, nawe umeirudisha. Umesema yeye si kufu yetu, hatulingani naye kwa ukoo, kwa kuwa babu yake alikuwa mtwana wa babu yetu katika shamba la Dole. Na kwa kuwa baba hayupo, na mimi na wewe ndio mawalii wake, unataka nikuandikie upesi kwamba tuna kauli moja, ili Zuwena "aache ukaidi." Basi kaa kitako usome. Jibu langu ni refu na sitaki uruke hata mstari mmoja.

Nianze na kazi yangu, maana huko ndiko nilikopatia jibu. Nyumbani nimewaambieni kuwa nafanya kazi makumbusho. Si uongo, ila nilichokiacha ni kwamba nafagia. Ni jumba la mbao na mawe, la kale mno, nje kidogo ya mji, mabasi mawili kutoka hapa Soho Road. Ndani mna ukumbi mkubwa, na mwisho wa ukumbi pana jukwaa lenye meza. Zamani zile bwana wa jumba alikula pale juu na wageni wake. Watu wake walikula chini, kila mmoja mahali pake, na mahali pake palijulikana kabla hajazaliwa. Juu kabisa mfalme, chini yake mabwana, chini ya mabwana wapanda farasi wao, na chini ya wote wakulima waliofungwa na ardhi ya bwana, wasioweza kuhama, kusaga nafaka kwingine wala kuoza binti bila ruhusa. Kila Alhamisi huletwa watoto wa shule, na sisi wafanyakazi huvaa nguo za zamani tukawaonyesha mambo yalivyokuwa.

Alhamisi moja mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliumwa. Msimamizi wetu, mama mmoja mrefu mwenye haraka anaitwa Jean, akanikuta na ufagio akaniuliza kama naweza kuwa villein. Mimi nikasikia villain. Andika utakavyo, ukilisikia kwa sikio ni neno moja. Na villain namjua, ni yule mtu mbaya wa kwenye filamu anayekufa mwishoni. Nikajibu naweza sana. Nikaenda chooni nikajifunga kitambaa usoni, nikachukua kisu cha mbao nikakichomeka kiunoni, nikaingia ukumbini nimekunja sura kama mtu aliyekuja kuvunja duka. Lo! Watoto thelathini wakapiga ukelele, mwalimu wao akashika kifua. Mama Furaha, Mkongo wa Kalemie ninayefagia naye, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Jean alinivuta pembeni akanifahamisha, huku anajifuta machozi ya kicheko. Kumbe villein ni yule mkulima niliyekutajia, wa chini kabisa, mtwana wa bwana. Nikamuuliza mbona basi neno lake ni sawa na la mtu mbaya. Akasema kwa sababu ni neno lilo hilo. Mabwana walimdharau mkulima wao mpaka jina la kazi yake likawa tusi, halafu wakasahau kuwa liliwahi kuwa jina la mtu anayewalimia chakula. Na gentleman, muungwana wao, je? Huyo, akasema, maana yake ya kwanza ilikuwa mtu wa ukoo, haikuwa na habari kabisa na tabia yake. Angeweza kuwa mwizi na akabaki gentleman.

Kaka, nilisimama pale na kisu changu cha mbao nikaona haya mpaka masikioni. Kwani sisi tunasemaje? Mama alikuwa akituambia tule kiungwana, tukae kiungwana, na muungwana maana yake ya kwanza ni nini kama si mtu asiyemilikiwa? Na tulipomkasirisha alitwambia nini? "We mtwana we!" Tusi hilo nimelitumia mimi kwa watu mia, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kuwa mtwana ni mtu fulani, ana mke, ana mafua, anaamka alfajiri kuchuma karafuu za babu yangu. Wewe umeliandika mara sita katika barua yako. Nimehesabu.

Sasa ngoja nikwambie la ukumbini. Wakanivua kitambaa, wakanivika gunia na kofia ya sufu. Anayejifanya bwana ni Colin, mtu wa mtaa wa Newtown, amezaliwa katika nyumba za halmashauri, za wasio na uwezo, na siku nyingine huendesha teksi. Akakaa juu ya jukwaa na joho lake jekundu. Mimi nikapiga magoti chini, kofia mkononi, nikasema maneno niliyofundishwa: "Bwana wangu, binti yangu ameposwa. Naomba ruhusa yako nimuoze."

"Na nikikataa?" Colin akaniuliza.

"Ukikataa, bwana, haolewi."

Hapo nilitakiwa nimkabidhi kuku wa kitambaa, ndiye ada ya ruhusa. Mkono wangu haukuinuka. Watoto wakaanza kucheka wakidhani nimesahau, na Jean akawa ananinong'oneza kutoka nyuma ya pazia. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa nimekumbuka.

Na wewe unakumbuka, kwa hiyo usijitie usahaulifu. Nilikuwa na miaka tisa. Utumwa ulikuwa umefutwa kabla baba hajaota meno, lakini Mzee Feruzi alikuja nyumbani kwetu asubuhi moja kutoka Dole, kwa miguu, kuomba ruhusa ya kumuoza mwanawe Juma. Hakuna aliyemlazimisha. Alijua tu kuwa ndivyo ifanywavyo, kama baba alivyojua kuwa ndivyo apokewavyo. Akavua kofia mlangoni, kichwa kina mvi tupu, akakaa chini kizingitini. Baba hakumwambia ingia. Alimaliza kahawa yake polepole, akaagiza nyingine, akainywa na hiyo, mzee wa watu yuko pale na jogoo kwapani. Kisha baba akasema, "Haya, muoze," kama mtu anayeruhusu mlango ufungwe. Na aliyempokea jogoo yule ni wewe, Kaka. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulimshika miguu kichwa chini ukampeleka jikoni, wala hukumwambia mzee ahsante. Idi amezaliwa kwa ndoa ile. Mpaka leo unasubiri akuletee jogoo wake.

Colin aliniokoa, akanyoosha mkono akamchukua yule kuku wa kitambaa, watoto wakapiga makofi. Baadaye akanitengenezea chai.

Usidhani nakusifia Wazungu. Siku hiyo hiyo, kabla hatujavua nguo za maonyesho, gari moja lilikuja getini. Alikuwa mwenye jumba mwenyewe, maana kumbe lina mwenyewe, na cheo cha Sir, na ardhi yote inayolizunguka ni ya ukoo wake tangu hizo zama, na wakulima wake wanamlipa kodi mpaka leo. Mzee mwenye buti za matope, hata salamu yake ni ya nusu mdomo. Basi ungemwona Colin! Bwana wetu wa jukwaani alikimbia kwenye mvua na joho lake jekundu linaburuzika matopeni, akafungua geti, akavua kofia yake ya manyoya, akasema "Sir" mara tatu katika sentensi mbili.

Gari lilipoondoka nikamuuliza, "Mbona umemvulia kofia? Anakulipa mshahara yeye?"

"Hapana."

"Unampenda?"

"Hata kidogo."

"Sasa?"

Colin akafikiri, maji yanamtiririka puani. "Sijui, rafiki. Baba yangu alikuwa akivua."

Nchi yenyewe hii, inayojiona imemalizana na mambo hayo, ndani ya bunge lake bado mna baraza zima la mabwana. Na ukitaka kujua mtu amekaa wapi katika ukumbi ule wa zamani, msikilize tu anavyotamka maneno. Mimi mwenyewe nimejifunza. Jean akizungumza kwenye simu na watu wa juu hubadilisha sauti, na akirudi kwetu huirudisha. Hawavai tena magunia, lakini kila mtu anajua meza yake iko wapi. Ndiyo maana nakwambia Wazungu hawana la kunifundisha kuhusu uungwana. Walinionyesha kioo tu, na niliyemwona ndani yake ni wewe na mimi.

Ndiyo, na mimi. Posa ya kwanza ya Idi, miaka sita iliyopita, uliniandikia pia. Sikukujibu. Ukauchukua ukimya wangu kuwa ni ndiyo, na hukukosea. Nilijiambia niko mbali, nilijiambia mkubwa ni wewe, lakini ukweli ni kwamba niliogopa watu wa mtaani waseme tumeshuka. Miaka sita Zuwena amekaa chumba cha juu anasahihisha madaftari ya wanafunzi, na Idi miaka sita hakuoa. Sasa Zuwena ana miaka thelathini na minane. Kwa hesabu hiyo siwezi kukulaumu peke yako, ninalala nayo na mimi.

Kesho yake baada ya kupata barua yako Mama Furaha aliniona kazini nimekunja uso, akanitaka nimsomee. Nikamsomea. Aliuweka ufagio, akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Kongo, chenye Kifaransa ndani.

"Mais, Papa Said, ule muchumba iko na kazi?"

Nikamwambia ni mwalimu wa hesabu, wanasomesha shule moja na Zuwena.

"Anakunywa pombe?"

"Hata sigara havuti."

"Na dada yako anamupenda?"

"Kamngojea miaka sita."

"Bon. Sasa munamukatalia juu ya nini? Juu ya nkambo yake? Ule nkambo si alishakufa?" Nkambo kwao ni babu. Akauchukua ufagio wake. "Miye nilikimbia vita na watoto watatu. Hapa hakuna mutu ananiuliza nkambo yangu ni nani. Ananiuliza tu kama nimesafisha choo. Weye ulikuja Ulaya kwa ndege, ukaleta nkambo ya wengine mu valizi, mu sanduku yako!"

Wewe unalo jibu la kumpa? Hebu niambie sisi ni mabwana wa nini leo. Shamba la Dole lilichukuliwa na serikali mimi bado nakwenda shule, na hakuna mkarafuu hata mmoja wenye jina letu. Nyumba ya Darajani, mnamokaa nyote, inavuja. Mimi nafagia choo cha Mzungu, wewe unauza minyororo na tairi za baiskeli. Idi ana shahada, wewe uliacha shule darasa la nane kwa kuwa mtoto wa mwinyi hakuwa na haja ya kusoma. Uungwana wako wote umebaki kwenye jambo moja tu, kumzuilia mwanamke mume.

Sasa nakuja kwenye neno lako hilo, kufu, ambalo umelipigia mstari mara mbili.

Jumamosi asubuhi nilinunua kadi ya simu dukani, hapo hapo nikampigia Zuwena, nikamwambia aipeleke simu chini kwa shangazi Bi Mwanakheri. Nilitaka tu kumuuliza, kama mkubwa wa ukoo aliyebaki, kama kweli jambo hili lina uzito unaoupa wewe. Nikamsomea maneno yako.

"Abdalla kaandika hivyo?" akaniuliza. "Kwa mkono wake?"

"Ndiyo, shangazi."

"Said, mwanangu, bibi yako mzaa baba unamjua jina?"

Nikasema Bibi. Tulimwita Bibi tu, na alikufa kabla sijazaliwa.

"Bibi gani? Mama yangu mimi aliitwa Zafarani. Uliona wapi muungwana akamwita bintiye Zafarani? Alikuwa mjakazi, suria wa babu yenu. Kaletwa mdogo kutoka bara, jina alilopewa na mamake hata hakulikumbuka. Babu yenu alimweka ndani, akatuzaa mimi na baba yenu. Wajomba hatukuwa nao, maana yeye hakuwa na mtu."

Nikamuuliza kwa nini hakutwambia miaka yote hiyo.

"Nani aliniuliza? Nyinyi mlikuwa mkihesabu mababu tu."

Kisha akasema jambo lililonifanya nikae chini pale dukani, mbele ya watu, juu ya kreti la soda. Akasema: "Na Abdalla anajua. Baba yenu alimwambia alipokuwa kitandani hajiwezi. Mimi nilikuwepo."

Kwa hiyo ulijua. Umekaa na jambo hilo miaka ishirini na mbili, tangu baba afariki, ukachukua kalamu, ukaandika neno mtwana mara sita, ukanitaka nitie sahihi. Nimekasirika, Kaka, sijapata kukasirika hivi tangu nizaliwe. Kama utwana ni kitu kinachorithiwa, basi Idi anao na wewe unao, na masafa ni yale yale. Yeye babu, sisi bibi. Na kama haurithiwi, basi hujabakiwa na neno hata moja la kumkatalia. Hilo la kumtaka Zuwena akae bila mume ili wewe usijulikane ni mjukuu wa nani, sijui niliite nini. Jean ana neno zuri linaloweza kukufaa, na safari hii ni lile la kwenye filamu.

Bibi yetu simtaji kwa aibu. Aibu yangu ni kwamba nimefika miaka hamsini na mitatu sijamuombea dua kwa jina lake. Sasa namuombea.

Basi jibu lako ni hili. Jumatatu nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu hapa, na mbele ya mashahidi wawili nimeandika wakala. Mimi, ndugu wa Zuwena wa baba na mama, nampa kadhi idhini amuozeshe Zuwena kwa Idi bin Juma bin Feruzi, kwa ridhaa yake Zuwena, katika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Karatasi hiyo sikuituma kwako. Ameichukua mtu anayesafiri, na barua hii nimeichelewesha kusudi, ili unapoifungua wakala uwe umekwisha fika mkononi mwa Zuwena. Usimsumbue kuutafuta chumbani mwake, ameshaupeleka kwa kadhi.

Unaweza kwenda kwa kadhi kupinga, ni haki yako. Utamwambia la kufu. Kadhi atauliza nasaba ya bwana harusi, nawe utaitaja yote, unaijua vizuri kuliko yeye mwenyewe. Kisha atauliza nasaba ya bibi harusi. Shangazi amesema hapo abebwe na kiti chake apelekwe, atajibu mwenyewe, na kwa sauti. Ama unaweza siku hiyo kuvaa kanzu yako iliyopigwa pasi, ukakaa karibu na Idi, ukaitikia amin, ukala biriani kwenye sinia moja na Juma bin Feruzi, baba yake. Mimi ningekuwa wewe ningemtangulizia Juma maji ya kunawa, lakini hilo sikulazimishi.

Nisalimie shemeji, mwambie dawa ya miguu nimempata mtu wa kumletea. Wasalimie watoto wote, na yule mkubwa mwambie asome, asidanganyike na baba yake. Shangazi Bi Mwanakheri nimekwisha zungumza naye, ila mbusie mkono kwa niaba yangu, ukiweza kumtazama usoni. Zuwena simwandikii hapa, ana barua yake. Na Idi ukikutana naye njiani usivuke upande wa pili. Simama, mwambie shemeji yake wa Birmingham anamsalimu, na anamuomba radhi ya miaka sita.

Wassalaam, ni mimi mdogo wako,

Said bin Salim, mjukuu wa Bi Zafarani